Waliopona na Waliopoa

Sogeeni. Sogeeni kabisa; mkeka ni mrefu ila sauti yangu ni fupi. Wewe Mchanga, mwachie paka mkia wake, hukumpa wewe. Mwenye kukohoa akohoe sasa, mwenye kucheka acheke sasa, maana nikianza sitaki kusikia hata tumbo la mtu likinguruma. Nikisema "Zamani!" itikieni "Ilikwenda!" Nikisema "Ikarudije?" itikieni "Kwa mdomo wa bibi!"

Zamani!

Ikarudije?

Haya, kimya.

Ilikwenda zamani, enzi sindano zilipokuwa bado miiba, palikuwa na mji uitwao Vumbamoto. Mji wenye bahati kuliko miji yote! Ulikuwa na mpasuaji bingwa, Fundi Mbwera. Mwenye jipu, kwa Mbwera. Mwenye mshale ubavuni, kwa Mbwera. Mwenye mguu uliooza, kwa Mbwera. Kisu chake kimoja alikirithi kwa babu yake, na tangu babu hakikuoshwa, kwa sababu kukiosha ni kukitoa baraka. Kanzu yake ya kazi ilikuwa nyeupe siku iliposhonwa. Baadaye ilikauka damu juu ya damu, hata akiivua ilisimama yenyewe pembeni kama mtu wa pili, na wapitao waliisalimu: "Shikamoo, Fundi." Inzi nao hawakukosa adabu, walikuja kila siku kuitembelea.

Siku ya kupasua, wanaume wenye miraba minne walimkalia mgonjwa, na ngoma zikapigwa mlangoni. Ngoma za nini? Ili mayowe yasiwaudhi majirani! Mgonjwa alie ndani, majirani wacheze nje. Ustaarabu huo, wajukuu zangu, siku hizi hamuupati popote.

Halafu Kitwana mpiga mbiu alipanda jiwe, akatangaza: "Kapoaaa! Mgonjwa wa Fundi kapoa!"

Na watu: "Shabashi, Fundi! Mkono wako una dawa!"

Lisikilizeni neno hilo. Mtu homa ikimshuka, wa kale walisema kapoa. Na maiti naye hupoa, tena hupoa vizuri zaidi. Fundi Mbwera hakusema uongo hata siku moja. Wote walipoa.

Sasa mjini hapo alikuwapo Mashavu, mfinyanzi. Vyungu vyake havikupasuka motoni hata uvisahau. Mumewe, Ngwali, ndiye aliyemchimbia udongo. Siku moja shimoni jembe lilimponyoka likamshukia mguuni. Kidonda kikavimba, kikawa cheusi, kikaanza kunuka. Mashavu akaona weusi unapanda kuelekea goti, akajua: mguu usipoondoka, mume ataondoka. Naye hakuwa na Ngwali wa pili.

"Aitwe Fundi," akasema Ngwali. "Ndiye aliyempasua baba yangu."

"Na baba yako yuko wapi?"

"Alipoa."

"Na ami yako Sheha?"

"Naye alipoa. Watu wote walipiga makofi, mke wangu, umesahau?"

"Sisahau. Nilipika mimi chakula cha matanga yao."

Akatoka, akamkuta Fundi kibarazani akikinoa kisu kwenye wayo wa kiatu chake. "Fundi, nitajie mmoja tu uliyemkata mguu, nikamsalimie."

"Wako wengi, binti yangu!"

"Wako mtaa gani?"

Fundi akaunyoosha mkono kwa madaha, na mkono wenyewe ulielekea makaburini.

Basi wakati huohuo alikuwa amefika mjini Tabibu Nuhu, na punda wawili na kasha. Alikuwa amesoma mbali, na kwenye kasha lake mlikuwa na bomba la shaba lenye vioo, waliloliita hadubini, na chupa ya maji yenye harufu kali ya kumlaza mtu usingizi. Mji ukamcheka mpaka ukachoka. Kosa lake? Alikuwa ananawa mikono kabla ya kazi. Kabla! Watu wanaelewa kunawa baada, mtu amechafuka; lakini kabla?

Mashavu alimwendea, akamweleza. Tabibu akasema, "Nitamkata akiwa amelala, hatasikia. Lakini nahitaji chungu kikubwa, nichemshe visu vyangu."

"Chungu ninacho. Lakini visu havilainiki, Tabibu."

"Sivichemshi vilainike, dada. Vina wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Hao ndio wanaoozesha kidonda."

Habari ikazagaa. Asubuhi yake uani kwa Mashavu hapakuwa na pa kutema mate.

"Mashavu, visu vimeiva?"

"Tia nazi, mwenzangu! Mchuzi wa visu bila nazi una kutu!"

Fundi Mbwera akaja na kanzu yake, ngoma nyuma. Tabibu hakugombana naye. Akaomba ukwangu mdogo tu wa damu kavu ya kanzu, akautia tone la maji, akauweka chini ya bomba. "Tazama, Fundi."

Fundi akafumba jicho moja, akatazama. Mashavu, aliyesimama karibu, aliliona sikio lake likitoka jasho.

"Umeona nini, Fundi?" watu wakauliza.

"Nimeona... watumishi wangu," akasema Fundi. "Hao ndio wanaonisaidia kazi."

"Shabashi!" wakaitikia watu. Nyinyi mnacheka? Nanyi mngepiga makofi.

Mashavu naye akatazama. Akaviona vinacheza, vinapishana kama watu sokoni. Akarudi kwa mumewe, akapiga magoti. "Bwana, kama ni kuzikwa, utazikwa na yeyote. Lakini kama unanitaka, kubali chungu changu."

Ngwali akategea sikio vicheko vya uani. "Wakisema nimekatwa kwa mchuzi?"

"Utawajibu ukiwa hai."

Akakubali.

Tabibu akamwekea kitambaa puani. Ngwali akavuta pumzi, akaanza kusimulia habari za jembe, akakatikia katikati ya neno. Hakuna aliyemkalia. Wapiga ngoma walikuwa mlangoni, fimbo juu, wanangoja mayowe wayafunike. Mayowe hayakuja. Wakapiga kidogo kwa aibu, wakaacha.

Nje watu wakatazamana. Kupasuliwa bila mayowe? Huyo kafa! Kitwana akaruka jiweni: "Kapoaaa! Ngwali kapoa!" Shangazi za Ngwali wakaangua kilio, sanda ikaletwa, na Fundi Mbwera akatikisa kichwa kwa huruma kubwa: "Niliwaambia. Maji ya moto."

Ndani, Mashavu alikuwa ameushika mkono wa mumewe. Ulikuwa wa vuguvugu. Akaushika. Bado wa vuguvugu. Kilio kikapanda, naye akaushika.

Ngwali akafumbua jicho. "Nani kafa?"

"Wewe," akasema Mashavu, akicheka na machozi yakimtoka.

"Ah. Na mguu, wataanza saa ngapi kukata?"

"Wameshamaliza."

Msidhani hapo ndipo kisa kilipoisha. Maumivu yalikuja, tena makali. Na wagonjwa wa Fundi pia walifumbua macho; kupoa kulikuja baadaye, na harufu ndiyo iliyotangulia. Kila asubuhi Mashavu aliinamia bandeji iliyochemshwa, akanusa. Akangoja ile harufu. Ijumaa ikapita, nyingine ikapita. Akanusa akasikia sabuni.

Ngwali akatoka nje kwa mkongojo. Kitwana akapanda jiweni kwa mazoea: "Kapo... kapo..." Ulimi ukamgoma. Neno la mgonjwa aliyetoka mzima hakuwa amelisema tangu aanze kazi.

"Malizia, baba," Mashavu akamwambia. "Pitishia puani kidogo."

"Kapo-na!" akasema Kitwana, akajishangaa. "KAPONA!"

Na Fundi Mbwera? Mwaka haukwisha, akaota jipu makalioni, mahali ambapo bingwa hawezi kujipasua. Akaja kwa Tabibu akitembea upande upande kama kaa. Akalala kifudifudi, akainua kichwa, akanong'ona: "Tabibu... vimechemka kweli?"

"Vimechemka, Fundi."

"Virudishe kidogo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kasauti kadogo ka puani tu, wajukuu zangu, kanatenga kitanda na jeneza. Makofi ya watu si dawa, na mwenye kusifiwa muulizeni kwanza wazima wako mtaa gani.

Wakaondoka wote, wakaacha urithi. Kanzu walirithi mchwa, wakafa. Ngoma walirithi maharusi. Wana wa Kitwana walirithi neno kapona. Chungu cha Mashavu walirithi matabibu, wakakigeuza bati, na mpaka leo kinatokota. Kisa nimerithi mimi, nimekipeleka mpaka hapa, nakitua. Nyinyi mmerithi sabuni, na naiona pale dirishani, imekauka tangu juzi.

Inukeni mkanawe. Kabla!