Pikipiki Iliyokataa Mlima

Mtu mmoja wa huku juu Karatu alikuwa na pikipiki ya magurudumu manne na mke, na vyote viwili vilikuwa vimeanza kumwishia nguvu. Msinicheke. Nimevitaja pamoja kwa makusudi, na mwenyewe huyo mama akinisikia atanisamehe.

Mtu huyo jina lake Lohay. Mkewe ni Yasinta, ila pale nyumbani waliitana Baba Fabiani na Mama Fabiani, kwa jina la mtoto wao mkubwa aliye kazini Dodoma. Pikipiki ile Lohay aliinunua ikiwa kuukuu kutoka hoteli moja ya watalii iliyokuwa inafungwa. Watu walimcheka: mtu mzima na gari la kuchezea! Yeye akachomelea chuma nyuma ya kiti, akawa kila asubuhi anapakia madumu manne ya maziwa ya majirani na kuyapandisha mlimani hadi kituo cha kupozea. Kicheko kikaisha. Kwa miaka sita nyumba yao ilikula kwa pikipiki hiyo.

Sasa mnalijua vumbi la huku kwetu. Jekundu, laini kama unga wa ulezi, na kiangazi kikianza linaingia hata kwenye sufuria yenye mfuniko. Lohay aliliogopa kwa ajili ya mashine yake. Chini ya kiti kuna mdomo wa kuvutia hewa, na ndani yake chujio la sifongo. Kiangazi kimoja alichukua kipande cha kitenge akaufunga ule mdomo, akakaza kwa mpira, akaona amefanya la maana. Kiangazi kilichofuata vumbi likazidi, akaongeza kingine juu ya kile. Na kilichofuata, kingine. Alifanya kwa upendo, ndugu zangu. Hilo naomba mlishike mpaka mwisho.

Na Yasinta je? Miaka miwili nyuma alipasuliwa tumbo. Lohay alikaa kwenye benchi la hospitali siku nzima bila kula, akamwambia Mungu kwamba akirudishiwa mke wake, hatamwacha aguse kitu kizito tena. Akarudishiwa. Daktari akasema apumzike miezi mitatu. Lohay aliisikia vizuri ile miezi mitatu, lakini hofu yake ilikuwa imeshaapa kwa maisha yote.

Basi akamwondolea kazi moja moja. Ndoo ya maji akambebea. Ng'ombe akamkamulia. Jembe akalipandisha darini. Ufunguo wa pikipiki, ambayo Yasinta alikuwa anaiendesha mpaka mnadani kama yeye tu, akauhamishia mfukoni mwake. Mnajua jumuiya zetu husali nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Zamu yao ilipofika, Lohay alimwambia mwenyekiti, "Turukeni, Mama Fabiani hajapata nguvu." Wakawaruka. Wakawaruka tena, na baadaye wakazoea kuwaruka bila kuuliza. Wanawake waliokuwa wakimpitia kwenda kuchota maji nao wakaacha kupita. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemnyima chakula. Alikuwa anakaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, saa sita mchana, jua linawaka!

Akafifia. Akiwa amekaa, mzima kabisa. Anaongea, anachambua maharage, anauliza habari za watu. Akisimama tu afanye jambo, pumzi inamkata, miguu inalegea, anarudi kukaa. Lohay akampeleka hospitali mara mbili. Damu nzuri, presha nzuri, mshono umepona siku nyingi. Wakapewa vidonge vya vitamini. Njiani kurudi Lohay alimtazama mkewe akaona wazi kwamba anampoteza, na ugonjwa wenyewe hauna hata jina. Walipofika nyumbani akafanya alichokijua. Akamwongezea blanketi la pili.

Mwezi wa tisa pikipiki nayo ikaanza. Ukiiwasha, inawaka mara moja. Ukiiacha imesimama, inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Lakini pakia madumu, ielekeze mlimani, sukuma ile eksileta yake ya kidole gumba uiombe nguvu: inakohoa, sauti inazama, moshi mweusi unatoka nyuma, inazima. Lohay akasukuma kwa nguvu zaidi. Kadiri alivyosukuma ndivyo ilivyozima upesi. Mara mbili maziwa ya watu yalimgandia njiani.

Akamwita fundi, kijana mmoja mtaratibu anayeitwa Deemay. Deemay akaanza na petroli, maana mara nyingi ugonjwa huanzia huko. Akaimwaga yote, akaweka mpya. Hakuna mabadiliko. Akafungua plagi, ikatoka nyeusi kama tako la sufuria. Akaweka nyingine. Ikakohoa vilevile. Akaishusha kabureta, akaipekua, kila kitundu akakipitisha waya mwembamba na kukipuliza kwa mdomo. Safi. Akachuchumaa pale, ameishika ile plagi nyeusi, anaigeuzageuza.

"Mzee wangu, hii inakula kuliko inavyopumua," akasema. "Hebu tufungue chini ya kiti."

"Hapo usiguse," Lohay akamkata. "Hapo nimepatengeneza mwenyewe."

Alisema kwa ukali ambao hata yeye ulimshangaza. Deemay ni rika la Fabiani, na mtoto habishani na baba. Akafunga mfuko wake wa spana akaaga. Na mimi nawaambia, Lohay alimshuku muuza petroli, akamshuku fundi, na usiku kwenye sala akamshuku na Mungu kidogo. Pale alipopafunga kwa mkono wake mwenyewe hakupashuku hata mara moja.

Asubuhi akaamua kuifungua kabureta peke yake. Spana ikateleza, ikamchana kidole gumba cha kulia, hicho hicho cha kusukumia eksileta. Damu ikatoka kwelikweli. Akakifunga kwa kitambaa, kikavimba hata hakikunjiki. Majirani walikuwa wameshaleta maziwa, madumu manne yako kivulini, na jua linapanda. Alihitaji mtu mmoja tu akae kwenye kiti asukume eksileta, yeye ainame asikilize mashine inakatia wapi. Akatazama barabarani. Hapakuwa na mtu. Akatazama kibarazani.

Alisimama pale muda mrefu, anaona aibu kama mtu anayetaka kukopa.

"Mama Fabiani," akasema mwishowe, "naomba unisaidie kidogo. Ni kukaa tu. Utasukuma na kidole."

Blanketi likaanguka chini. Yasinta akaja polepole, mkono mmoja ukutani, akapanda kwenye kiti. Akasukuma. Mashine ikakohoa, ikazima. Wakaiwasha tena, ikazima tena. Mara ya tatu Yasinta akajitikisa pale alipokaa, akauliza mbona kiti kinayumba, kwani chini kuna nini? Kabla Lohay hajajibu, ameshashuka na kukibandua.

"Heh! Kitenge changu cha Pasaka!" Akashika kiuno. "Nimekitafuta mwaka mzima, nikamsingizia dada yako, masikini!"

Akakikamata na kuanza kuvuta.

"Acha, Mama Fabiani! Vumbi litaiua!"

Hakuacha. Kikatoka kile cha Pasaka, kikafuata cha pili. Cha chini kabisa kilikuwa kimeshika vumbi na mafuta hadi kimekuwa kigumu kama ngozi iliyoanikwa, na hicho akakivuta huku ameegemeza mguu kwenye gurudumu, anahema, jasho linamtoka usoni. Lohay alinyoosha mkono amzuie. Kikang'oka. Yasinta akasimama nacho mkononi mpaka pumzi ikamtulia, na alipoongea hakuwa na hasira. Alikuwa anamtazama mume wake machoni.

"Na yenyewe inataka kupumua, Baba Fabiani."

Lohay alichukua chujio la sifongo akaenda kulifua kwa sabuni, mkono mmoja, taratibu, na alikaa kwenye beseni lile muda ambao machujio kumi yangefulika. Akalikamua, akalipangusa, akalirudisha. Hilo moja tu, lile lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Maana vumbi la huku kwetu lipo kweli, wala simwambii mtu yeyote aache mdomo wa mashine yake wazi.

Yasinta akawasha, akasukuma. Weee! Ilinguruma hadi kuku wakakimbilia shambani. Akasukuma tena, akacheka, cheko lake lile la zamani la kutupa kichwa nyuma. Lohay alikuwa hajalisikia kwa miaka miwili, na alikuwa hata hajagundua kwamba halipo. Akakaa chini kwenye mavumbi akalia. Mkewe alidhani ni kidole.

Lakini madumu yalikuwa bado kivulini, jua limeshafika usawa wa paa, na kidole cha Lohay hakiwezi kusukuma kitu. Yasinta hakushuka kwenye kiti. Alikuwa anangoja. Mdomo wa Lohay ukajaa maneno: jua kali, barabara mbovu, ule mshono, Fabiani atasema nini. Kila neno lilikuwa la upendo, na kila neno lilikuwa kitambaa kingine. Aliyameza yote, na yalipita kwa shida. Akapakia madumu kwa mkono wa kushoto, akafunga kamba, akaikagua mara tatu.

"Ukifika ile kona ya mawe," akasema, "usiachie kidole."

"Najua. Kwani nilikuwa kiziwi pale kibarazani?"

Akaondoka. Lohay akabaki getini anaifuata sauti. Ilipita bondeni, ikaanza kupanda. Kwenye kona ya mawe ikazama, na moyo wake ukazama nayo. Alitaka kukimbia. Alishika nguzo ya geti kwa mikono yote miwili, na kile kidole kikamuuma sana, na hakukimbia. Kisha sauti ikapanda tena, ikaenda juu, ikapotea upande wa pili wa mlima. Akaendelea kusimama.

Yasinta alirudi alasiri, mwekundu kwa vumbi hadi kope. Alipumzika mara mbili njiani. Dumu moja lilimwagika nusu. Alipitia kwa mwenyekiti wa jumuiya akamwambia, bila kumuuliza mume wake, kwamba Alhamisi watu waje kusali kwao. Alikula sahani mbili za ugali na mlenda, akasema mgongo unamuuma, mikono inamuuma, makalio yanamuuma, akalala kabla hajamaliza kuyataja yote. Ulikuwa uchovu wa mtu aliyefanya kazi. Hakupona kwa siku moja, wala sikuwaambia hii ni hadithi ya miujiza. Kesho yake aliamka anachechemea, akaulizia jembe lake. Lohay akapanda darini.

Hofu ya Lohay haikuondoka. Mpaka leo mkewe akipanda mlima yeye yuko getini, hashiki kazi nyingine mpaka amsikie amevuka. Lakini ufunguo uko juu ya meza, na anayeamka kwanza ndiye anayeuchukua.

Basi wewe uliyekuja kunisikiliza, ambaye kuna mtu unampenda na unamhurumia na hutaki hata upepo umguse: mara ya mwisho ulimwomba akusaidie lini?