Ushahidi wa Sheikh Nuaim juu ya Mshona Matandiko

Wamepokea wazee wetu kutoka kwa waliowatangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika mji mmoja alikuwepo khatibu aliyeitwa Sheikh Nuaim. Kwa miaka kumi na mmoja jeshi la Sultani lilikuwa likipigana katika nchi ya mbali, ambayo watu wake hawakuwa wameuchokoza mji huo kwa lolote. Kila Ijumaa sheikh aliliombea jeshi ushindi, wala hakuongeza neno.

Ndipo Wahbi, mshona matandiko ya farasi, mtu asiyejua hata kuandika, alipokataa kulishonea jeshi. Alikaa sokoni akawaambia watu, "Wanetu warudi. Watu wale wametukosea nini?" Watu wakamiminika kwake. Darasa la sheikh likabaki na vikongwe watatu, mmoja wao kiziwi.

Husuda ikamkaa Sheikh Nuaim kooni kama mwiba wa samaki. Akiswali, humwona Wahbi. Akila, chakula hakishuki. Miaka thelathini ya elimu, naye ashindwe na mshona ngozi!

Liwali akamfunga Wahbi, kisha akamwita sheikh. "Wewe ulimsikia. Shuhudia kwamba amewachochea askari wamwasi Sultani, na ukadhi ni wako."

Neno moja tu lingemwondolea sheikh hasimu wake, na nafsi ilimsukuma alitamke. Kisha akasema, "Hakulisema hilo. Alitaka vijana warudishwe, basi. Na maneno yale yalinipasa mimi niyaseme juu ya mimbari, nikaogopa. Namhusudu, ewe Liwali. Siku yoyote nikija kumshitaki, usiupokee ushahidi wangu."

Kwa kukosa shahidi, Wahbi akaachiwa. Sheikh akavuliwa ukhatibu siku ile ile.

Kesho yake akaenda sokoni, akaketi nyuma kabisa. Wahbi alipomwona akasimama. "Sheikh wetu, njoo mbele utuombee dua."

"Omba wewe," akajibu. "Mimi nitaitikia."

Wahbi akaomba kwa maneno ya kawaida ya sokoni, na watu wakalia. Husuda ikamchoma sheikh tena palepale, naye akaitikia amina kwa sauti iliyozidi za wote.

Ndugu zangu, husuda huingia moyoni bila kupiga hodi, hata kwa mcha Mungu. Tumwombe Mola atujaalie, siku itakapotuingia, ulimi wetu usiitumikie.