Ndege Aliyeyeyuka

Wapo watu ambao heri wafe na dukuduku kuliko kufungua kinywa na kuuliza. Wahenga waliwaonya, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mmoja wao alikuwa mama mkwe ambaye majirani, akishawapa kisogo, walimwita Bi Chungulia.

Mama huyu alikuwa na taulo la jikoni lililotariziwa na marehemu mama yake: ndege wa buluu aliyegeuza shingo, ila unyoya mmoja wa mkiani ulikuwa mwekundu kwa kuwa uzi wa buluu ulikwisha. Siku moja alilitumia kuepulia sufuria, likashika moto. Ndege mwingine kama yule hakuwapo duniani. Bi Chungulia alilia kama aliyefiwa upya.

Haukupita muda, mkaza mwanawe, ambaye alitarizi mataulo ya kuuza, akaanza kujifungia chumbani. Mtu akibisha hodi, kitambaa kinaingia chini ya mto.

"Kuna namna hapa," Bi Chungulia alijisemea. "Panapofuka moshi hapakosi moto."

Angeuliza? Thubutu! Alichungulia tundu la ufunguo mpaka jicho likamuwasha.

Asubuhi moja, akiosha vyombo, alimsikia mkwewe akimwambia jirani dirishani, "Ndege wa mama ninaye. Mwenyewe hajui bado!" Moyo ukamlipuka. Aliingia chumbani mzimamzima, akamkuta na taulo jipya mapajani. Juu yake ilibandikwa karatasi laini mfano wa nailoni, na kwenye karatasi hiyo, kwa wino, alichorwa ndege wa mama yake!

"Mwizi mkubwa! Ndege wa mama yangu unakwenda kumuuza?"

"Mama, nisikilize kwanza..."

"Nikusikilize nini? Na linailoni hili umelibandika kuficha nini? Leo nitalibandua!"

Alilipokonya taulo, akatoka nalo mbio hadi jikoni na kulitosa kwenye beseni la maji.

"Usililoweshe, mama!" mkwewe alipiga kelele nyuma yake. Wapi! Bi Chungulia alikwisha kuanza kusugua kwa mikono miwili.

Karatasi ikateleza vidoleni, ikawa ute, kisha haikuwapo. Wino ukaenda nayo. Chini yake hapakuwa na siri yoyote, ila kitambaa cheupe na unyoya mmoja mwekundu, ndio pekee uliokuwa umekwisha kushonwa.

Mkwewe aliketi sakafuni, machozi yakimlengalenga. "Karatasi ile huyeyuka majini, mama. Unachora juu yake, unatarizi kwa kufuata mchoro, ukimaliza ndipo unaosha. Nilimnakili ndege kabla taulo halijaungua, maana lilishachakaa. Nilitaka nikufurahishe."

"Nakala nyingine unayo, mwanangu?"

"Sina, mama."

Bi Chungulia aliomba kalamu. Akachora, akafuta, akachora tena. Mara anatoka kuku, mara bata. Mwishowe aliitupa kalamu, akalia kwa sauti bila kujali majirani.

"Kwa nini hukuniuliza tu?" mkwewe alisema.

Taulo lile limetundikwa ukutani mpaka leo, na unyoya wake mmoja. Mgeni akiulizia habari zake, Bi Chungulia humvutia kiti, akahema, ndipo akamwambia, "Umefanya vyema, mwanangu. Kuuliza si ujinga."