Nyamizi na Mgeni wa Mtungini

Sogeeni, wanangu. Palikuwa na mjane, Nyamizi, mpika pombe ya mtama. Jioni moja zimwi liliinama mlangoni.

"Nipe pombe, mama. Nikiimaliza, kitoweo ni wewe."

Nyamizi akachukua kata. Hata mazimwi huheshimu mila: mgeni hagusi mtungi kabla mpishi hajaonja na kusema imeiva.

Akaonja. "Bado, babu. Njoo kesho."

Kesho yake akaonja tena. "Bado, babu."

Siku ya tatu pombe ilikuwa imezidi ukali, ikamchoma ulimi. "Imeiva, babu. Kunywa."

Zimwi likagugumia mtungi mzima, likaanguka, likakoroma. Nyamizi akakimbia, asirudi.

Hadi leo, akionja pombe, hutazama mlango kwanza. Nanyi laleni, wetu nimeufunga.