Mama Ngiri na Shimo Lililogoma

Paukwa!

Pakawa!

Hao ni watoto peke yao. Watu wazima mmeshiba ubwabwa, sauti zimelala. Paukwa tena!

Pakawa!

Naam, sasa tuko pamoja. Zamani hizo, za kale na kale, palikuwa na Mama Ngiri na watoto wake wawili, Kishungi wa kike na Kisogo wa kiume. Walikaa shimoni, chini ya kilima. Shimo lile alilichimba Muhanga, fundi wa mashimo. Muhanga akahama, wao wakahamia.

Mnajua ngiri anavyoingia nyumbani? Haingii kwa kichwa. Anaingia kinyumenyume. Watoto wanatangulia, mama anafuata kwa matako, anarudi nyuma, nyuma, nyuma, mpaka anajaa pale mlangoni, meno yake marefu yanatazama nje. Fisi akija, anakutana na meno. Nyumba ya ngiri haina mlango. Mlango ni mama.

Mwaka huo watu waliokuwa wakilima ng'ambo ya kilima walihama, wakaacha shamba zima la maboga. Mama Ngiri akaliona. Akala boga asubuhi, akala boga mchana, jioni akala boga la kulalia. Watoto walikula na kukimbia, wakabaki wembamba. Mama alikula na kulala, akanenepa mashavu, akanenepa shingo, akanenepa mpaka mkia. Wewe usicheke, nimekuona ukiongeza sahani.

Jioni moja watoto wakaingia. Mama akarudi nyuma, nyuma, du! Matako yamegota. Akasukuma. Wapi! Usiku huo akalala nje, ameegemea mlango, mbavu wazi. Fisi akapita kwa mbali, akaziona mbavu zile, akameza mate.

Mama Ngiri akaogopa, tena sana. Asubuhi akamwendea Muhanga, akamwomba aje alipanue shimo. Muhanga akatikisa masikio yake marefu.

"Nikilipanua uingie wewe, dada, Fisi naye ataingia," akasema. "Shimo liache. Jipunguze wewe."

Basi Mama Ngiri akaanza kujipunguza. Maboga akayaacha. Akala majani mafupi, amepiga magoti, kama ngiri wenzake wanavyokula. Kila siku akazunguka kilima na watoto wake, tifu, tifu, tifu, vumbi linaruka, maana kilikuwa kiangazi kikavu. Na kila jioni akajipima mlangoni, watoto wanamwimbia kutoka ndani:

*Nyuma, mama, nyuma,*
*nyumba haina mlango.*
*Rudi, mama, rudi,*
*mlango wetu ni wewe.*

Kwanza ukaingia mkia. Baadaye yakaingia matako. Baadaye kikaingia kiuno. Watoto wakashangilia, mama akacheka mpaka akakohoa. Limebaki tumbo tu.

Kisha mvua za vuli zikanyesha. Dimbwi lililokauka likajaa tope zito, jekundu. Na nyinyi mnamjua ngiri akiona tope. Tangu siku hiyo, akimaliza kuzunguka kilima, mwili unawaka moto, anajitupa dimbwini, pwata! Anagaagaa kushoto, anagaagaa kulia, anatoka na tope toka masikioni hadi kwatoni. Ndipo anakwenda kujipima.

Na tangu siku hiyo shimo likagoma.

Leo kiuno kimeingia, tumbo limegota. Kesho kiuno kimeingia, tumbo limegota. Akapunguza majani. Akazunguka kilima mpaka miguu ikatetemeka. Nyuma, mama, nyuma. Du! Palepale. Ikafika jioni hata kiuno kikakataa. Mama Ngiri akakaa chini akalia, na machozi yakachora njia kwenye tope la mashavuni.

Fisi akapita, mpole kabisa. Akamjulia hali, akampa pole nyingi. Akasema anamwonea huruma kwa kujitesa bure, na kwamba maboga kule ng'ambo yanaoza kwa kukosa mlaji.

"Kula tu, jirani," akasema. "Mwili umeshakataa."

Maneno yakamwingia. Kesho yake hakuzunguka kilima. Akashika njia ya maboga, watoto wanamfuata. Akachagua boga kubwa kuliko yote, akalipasua kwa jino. Harufu yake, jamani! Akafungua mdomo.

"Mama," akasema Kishungi, "jana ulinishika."

"Nilikushika wapi?"

"Mkia. Tulipokuwa tunashindana mbio. Wakati ule wa maboga ulikuwa hunishiki. Ulikuwa ukifika kwenye kichuguu unakaa, unahema. Jana ulinishika, na mimi nilikuwa nakimbia kwelikweli."

Mama Ngiri akafunga mdomo. Akafikiri. Ni kweli, kichuguu kile siku hizi anakipita tu, hata hakikumbuki. Ni kweli, asubuhi anaamka bila kuguna. Furaha ikampanda, akacheka peke yake mbele ya boga lililopasuka. Kumbe muda wote alikuwa akiliuliza shimo tu habari zake, na miguu yake hajaiuliza.

"Twendeni kilimani," akasema. "Shimo likitaka kugoma, ligome. Mimi sigomi."

Watoto wakamega kipande cha boga cha njiani, wakaondoka. Lakini Fisi alikuwa amejificha pembeni, ameona mama akienda shambani. Hakungoja kuona mwisho. Alikimbia kwenda kuwaita kaka zake, akiwaambia nyama inanenepeshwa.

Siku zikapita. Shimo limegoma, mama anazunguka. Jioni moja wanatoka dimbwini, tope bado linadondoka, wakasikia kicheko nyuma ya kichaka. Ni Fisi, na kaka zake wako nyuma yake.

"Kimbieni," akasema mama.

Tifu, tifu, tifu! Watoto mbele, mama katikati, mafisi nyuma. Fisi hakujisumbua kuongeza mwendo, alijua Mama Ngiri atakaa kichuguuni ahema, kama alivyomwona wakati wa maboga. Kichuguu kikafika. Mama akakipita. Fisi akashangaa mpaka akajikwaa.

Watoto wakaingia shimoni, chwi, chwi. Mama akageuka, akawaelekezea mafisi meno, akarudi nyuma. Ndani watoto wanaimba, sauti zinatetemeka: nyuma, mama, nyuma. Du! Akagota. Akarudi tena. Du! Mafisi wamefika, pumzi zao zinanuka usoni pake. Akarudi kwa mwili wote na moyo wote.

Kra! Kra, kra, kra, pwaa!

Mama Ngiri akaingia mzimamzima. Akapitiliza. Akaenda kuwakalia watoto wake. Fisi akaingiza pua mpaka ndani, jino likaipokea, akaondoka analia, na kaka zake walishatangulia zamani.

Kulipotulia wakatazama chini. Sakafu imejaa mapande ya tope kavu, jekundu. Ndipo Mama Ngiri akaelewa. Kila jioni aliingia na tope lake, likabaki ukutani, likakauka, kesho akaongeza jingine. Yeye anapungua, na shimo nalo linapungua.

Kisogo, aliyekuwa chini ya wote, akatoa pua.

"Kumbe mama ulikuwa unatukandikia nyumba," akasema.

Walicheka, walicheka mpaka mchanga ukamwagika kutoka juu. Usiku huo mama alilala ndani, meno nje, watoto nyuma yake wamejikunja, na nafasi ya kujigeuza ikabaki. Tangu hapo akawa anajipima kwanza, ndipo anaoga tope, na haingii kulala mpaka limkaukie na kupukutika.

Basi, wakubwa kwa wadogo, neno langu ni hili. Ukiwa unajipunguza, kipimo kikagoma, usigome nawe. Uliza miguu yako, uliza pumzi zako, na kesho zunguka kilima.

Hadithi yangu nayo imeingia shimoni kinyumenyume, mlango umejaa. Haya, lifunikeni hilo sufuria, mkalale.