Mfumo wa Bwana Shebughe

Tanga alikuwapo fundi kompyuta, Mwanakombo, mwembamba wa mwili na mnene wa maneno, na kibanda alichopanga ndicho kilichowalisha wanawe. Siku moja mwenye kibanda, Bwana Shebughe, akaingia na kompyuta mpya kwapani.

"Hapa namleta mpwa wangu, wewe uhame! Lakini kwanza niwekee mfumo unaofaa kazi, michezo na mambo ya nyumbani. Windows au Linux?"

Mwanakombo akaipokea kompyuta, uso ukacheka. "Mzee wangu, mfumo hauchaguliwi kwa kusimuliwa. Nakuwekea yote miwili, uijaribu. Siku utakayochagua, nahama."

"Nakubali! Hata kesho nitachagua!" Shebughe akaapa mbele ya wanywa kahawa wa barazani. "Mimi si mtu wa kusitasita."

"Basi tuanze na michezo kwenye Windows, kazi haikimbii."

Akamfungulia mchezo wa mpira. Shebughe akafungwa mabao matano, akafoka, akarudia.

Masika yakaja, yakapita. Mpwa akapiga simu: "Mjomba, vipi kile kibanda?"

"Niache, bwana! Bado najaribu mfumo wa kwanza, na niko nusu fainali!"

Mwanakombo akamchomekea pedi mpya ya kuchezea. "Taratibu, mzee wangu. Linux bado inakungoja."