Filta Kubwa ya Bwana Kifaru

Hapo zamani za kale, lakini si kale ile ya kabla magari hayajaja, wanyama walikuwa na lori moja tu nchi nzima, na lori lenyewe lilikuwa la Bwana Kifaru. Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele mimi sioni cha kuchekesha.

Bwana Kifaru alikuwa mkubwa, na nyumbani kwake hakikuingia kitu kidogo. Kikombe chake cha chai kilikuwa ndoo. Kijiko chake kilikuwa koleo. Siku moja shemeji yake alimletea kisahani cha halua, akakirudisha palepale huku amenuna. "Mimi wa kuletewa kisahani? Nimekukosea nini?" Rafiki zake Nyati na Kiboko walikuwa vilevile. Kwao kupewa kitu kidogo ilikuwa kutukanwa.

Fundi wa lori alikuwa Nguchiro. Si kwamba walimpenda. Walimtaka kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kupita chini ya lori. Alilala chali pale uani na spana yake, kri! kri! kri!, akatoka mweusi kwa oili kuanzia pua mpaka mkia. Kazi ikiisha aliambiwa, "Haya, nenda." Kulipanda lile lori, hata mpaka njia panda tu, hakupandishwa hata siku moja.

Basi ukaja ukame. Visima vikakauka. Mto ukabaki kokoto. Hata umande ukaacha kuanguka.

Bwana Kifaru akaita mkutano. "Ng'ambo ya mbuga kuna mto usiokauka," akasema. "Kesho asubuhi lori linaondoka. Nitachukua watu wa nyumbani kwangu, wa Nyati na wa Kiboko."

"Na sisi, mzee?" akauliza Kicheche.

"Nyinyi mna miguu myepesi. Tembeeni."

Sasa, Nguchiro alikuwa na mama. Mama yake alikuwa amezeeka, miguu imevimba, na kufika jikoni tu alikuwa akishika ukuta. Hakuwa na mtoto mwingine, na Nguchiro hakuwa na mtu mwingine. Kuvuka mbuga kwa miguu ile? Thubutu! Basi mchana uleule Nguchiro akaenda kwa Bwana Kifaru.

"Hodi!"

"Karibu. Nani?"

"Mimi fundi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lori tayari?"

"Bado kubadilisha oili na filta, mzee. Lakini nina ombi. Mama yangu hawezi kutembea. Naomba umchukue. Nafasi anayotaka ni ndogo tu, kwenye kona, hata miguuni pa watoto."

"Ndogo?"

"Ndogo sana, mzee."

"We Nguchiro! Lori langu halijawahi kubeba kitu kidogo, nianze leo na mama yako? Wenzangu watasema Kifaru kaishiwa."

"Mzee, atakufa."

"Kila mtu atakufa. Kashughulikie oili."

Nguchiro akatoka. Akaenda nyuma ya ukuta, akalia mpaka machozi yakakauka. Mkono ukamkaa shavuni. Halafu taratibu kichwa kikaanza kufanya kazi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mnaijua filta ya oili? Ni kopo la bati, na ndani yake mna karatasi iliyokunjwakunjwa. Oili ya injini inapita humo, uchafu unabaki, oili safi inarudi kulainisha vyuma. Bila oili vyuma vinasagana, vinapata moto, na mwisho vinang'ang'aniana visiachane tena.

Filta ya lori la Kifaru ilikuwa ya kadiri ya kopo la maziwa. Lakini kule porini palikuwa na trekta bovu, na filta yake ilikuwa ndefu kama mtungi. Mdomo wake ulilingana sawasawa na wa ile ndogo. Nguchiro akaifungua, akaisafisha, akarudi nayo mbio. Mkono huu ndogo, mkono huu kubwa.

"Mzee, filta hii hapa," akasema, akatoa ile ndogo.

Bwana Kifaru akainama, akaangalia, akakunja uso. "Hiki kidubwana ndicho kinachuja oili ya lori langu?"

"Siku zote, mzee."

"Siku zote! Na hukuniambia?"

"Niliona haya, mzee. Wenye vigari vidogo ndio wanaotumia hii. Lakini lori kama lako, la mtu kama wewe..." Nguchiro akasita, akajifanya anataka kuondoka. "Basi tu, mzee. Pengine hii inatosha."

"Hebu rudi hapa! Umeficha nini mgongoni?"

Nguchiro akaitoa ile kubwa. Lo! Ikang'aa juani.

"Alaa!" akasema Bwana Kifaru. "Hii sasa ndiyo filta! Nyati, njoo uone! Kiboko, njoo uone!"

"Filta hii!" akasema Nyati.

"Filta na nusu!" akasema Kiboko.

"Ila ina masharti yake," akasema Nguchiro. "Filta kubwa lazima isikilizwe njiani. Ikikohoa, mtu apite chini aipapase kidogo. Ikikohoa bila kupapaswa, inasusa. Je, nani kati yenu atapita chini?"

"Mimi!" akasema Bwana Kifaru. Akaingiza kichwa chini ya lori. Gwaa! Pembe ikanasa kwenye ekseli, ikabidi avutwe mkia. Nyati akajaribu, pembe zake zikakwama kulia na kushoto. Kiboko akajaribu, hata tumbo halikuanza kuingia.

"Basi wewe fundi utakuja nasi," akasema Bwana Kifaru akihema.

"Kupapasa nitaweza, mzee. Kusikiliza ndiyo shida. Masikio yangu yameharibiwa na nyundo. Mwenye masikio ya filta ni mama yangu, yeye ndiye aliyenifundisha."

Bwana Kifaru akamtazama Nyati, Nyati akamtazama Kiboko.

"Sasa kwa nini hukusema mapema?" akafoka Bwana Kifaru. "Mama akae mbele, karibu yangu!"

Mmecheka? Chekeni. Na mimi nilipohadithiwa mara ya kwanza nilicheka hapohapo.

Nguchiro akafunga filta kubwa, akaongeza oili, maana hiyo inakunywa zaidi. Ilining'inia chini ya tumbo la lori kama kiwele cha ng'ombe. Akapima kwa mkia wake toka filta mpaka ardhini. Mkia ukasimama wima, ukapita bila kugusa, nafasi ikabaki. Akaridhika. Alikuwa fundi mzuri, lakini alilipima lori likiwa tupu, limesimama uani, kama alivyolijua miaka yote. Likiwa limebeba na liko barabarani hakuwahi kuliona, kwa sababu hakuwahi kupandishwa.

Asubuhi wakaanza kupanda. Akapanda Kiboko na mkewe na watoto wao. Springi zikalalamika, ngwiii! Akapanda Nyati na wa kwao. Ngwiii! Wakapanda wa kwa Kifaru pamoja na madumu ya maji. Lori likashuka, likashuka, likakaa. Nguchiro hakutazama chini. Alikuwa mbele, anamwekea mama yake mto mgongoni.

"Mwanangu, mimi nasikiliza nini hapa?" akanong'ona mama yake.

"Wewe tikisa kichwa tu, mama."

"Mimi uongo siujui."

"Basi sinzia."

Bwana Kifaru akashika usukani. Vruum! Wakaondoka. Nyuma wakaimba. Mama Nguchiro hakusinzia. Alichungulia dirishani kama mtoto, akaona vilima, akaona mbuga yote mpaka mwisho. "Kumbe nchi yetu nzuri hivi ukiwa juu!" akasema. Nguchiro akamshika mkono, akafurahi. Nitamwachia furaha yake hiyo, maana hakupata nyingine.

Katikati ya mbuga kulikuwa na korongo kavu lililojaa mawe. Lori likashuka, likapanda, na pale linapopanda, ng'waa! Kitu kikagonga chini.

Nyuma wimbo ukakatikia katikati.

"Fundi!" akaita Bwana Kifaru. "Ni nini hicho?"

Nguchiro alikijua. Alikuwa amelisikia bati likichanika, na sasa alisikia oili, chururu, chururu, ikimwagika. Injini ilikuwa bado nzima. Angesema "Simamisha!" mara ile, ingepona. Lakini angesema simamisha, ingebidi aseme na sababu, na mama yake angeshushwa palepale, kwenye mawe, jua likiwa utosini.

"Fundi, nakuuliza! Filta inasemaje?"

Nguchiro akamtazama mama yake.

"Inasema... inasema twende, mzee."

Wakaenda. Punde taa nyekundu ikawaka mbele ya usukani.

"Na hii taa je?"

"Filta inashukuru, mzee."

"Ina adabu!" akasema Bwana Kifaru, akakanyaga mafuta.

Ka-ka-ka-ka! ikalia injini. Ka-ka-ka-gwa! Halafu kimya. Moshi mweupe ukapanda taratibu. Lori likasogea kidogo kwa mwendo uliobaki, likasimama.

Nyati akashuka, akaangalia nyuma. Mstari mweusi ulikuwa mchangani, umetoka kule korongoni mpaka miguuni pake. Akaufuata kwa macho, akainama, akaona bati lililochanika.

"Kifaru," akasema, "njoo uone filta yako."

Bwana Kifaru akaona. Akageuka polepole. "Fundi. Filta ilikuambia nini?"

"Haikuniambia kitu, mzee," akasema Nguchiro. "Filta hazisemi."

"Na kukohoa?"

"Hazikohoi."

"Na masikio ya mama yako?"

"Ni masikio tu, mzee."

Bwana Kifaru akainua mguu amkanyage. Mkewe akasema, "Ukimkanyaga, lori litawaka?" Mguu ukashuka.

"Tengeneza!"

"Injini imenoki, mzee. Vyuma vimeshikana. Hata ningekuwa na ile ndogo hapa isingesaidia kitu, na oili yote imenyweka mchangani."

"Mbona hukusema tulipogonga? Tulipogonga lilikuwa zima!"

"Ungetushusha."

Bwana Kifaru akaegemea lori. Akatazama mbuga upande huu, akatazama upande ule. Hapakuwa na mti. "Kweli," akasema mwishowe. "Ningewashusha."

Maji ya kwenye madumu yaliisha siku ileile, kwa maana wale walikunywa kwa ndoo kama walivyozoea. Watoto wa Kiboko wakaanza kulia, halafu wakaacha, na kuacha kwao kulitisha zaidi. Jua halikuwa na huruma na mkubwa wala mdogo.

Nguchiro alimlaza mama yake chini ya lori, kwenye kivuli, pale alipozoea kulala yeye na spana yake.

"Wamekupiga?" akauliza mama.

"Hapana, mama."

"Wamekusamehe?"

"Hapana."

"Umechoka, mwanangu. Lala."

Yeye ndiye aliyelala. Kulipopambazuka Nguchiro alimwita, "Mama," akamwita tena, "Mama!" Alikuwa baridi. Nguchiro akakaa pale chini akimpepea kwa mkono, nzi wasimguse.

Jua lilipopanda wakatokea wadogo, wanakuja kwa miguu. Kicheche mbele, Karunguyeye, Kindi, na Panya na wanawe, vumbi limewajaa mpaka kope, kila mmoja na kibuyu chake kidogo cha maji aliyokuwa akiyanywa funda mojamoja. Mabegani pa wawili palikuwa na machela ya fito na khanga. Ilikuwa tupu.

Nguchiro akatoka chini ya lori. "Mnamtafuta nani na machela hiyo?"

"Ni ya mama yako," akasema Kicheche. "Jana asubuhi tulikuja kwako kumchukua. Tulipanga tumbebe kwa zamu, mwepesi yule. Tukakuta mlango umefungwa, mmeshaondoka. Karunguyeye akasema tusiitupe, huenda tukawakuta njiani. Yuko wapi?"

Nguchiro akaitazama ile machela. Aliyejibu ni Bwana Kifaru, aliyekuwa amesimama kando, kichwa chini. "Yuko humu kivulini," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mmechelewa. Hapana, hamkuchelewa nyinyi."

Wakamzika mama Nguchiro palepale kwenye mchanga. Kisha wadogo wakaendelea na safari, na wakubwa wakawafuata nyuma kwa miguu. Wengine walifika mtoni, wengine hawakufika, na habari za watoto wa Kiboko sitaki mniulize. Nguchiro alifika. Walimpa maji akayashika mikononi, akayatazama yakimvujia kwenye vidole mpaka yakaisha.

Hapo ndipo nilipoambiwa niishie, nami naishia hapo. Na funzo lake ni hili: ukimdanganya dereva, jua kwamba na wewe umo garini.